Serikali Kujenga, Wakulima Kunufaika

Kila baada ya siku chache kuna mtu ananitumia picha ya gazeti la zamani ili nicheke. Karatasi imekuwa rangi ya chai ya maziwa, waziri amevaa suti yenye kola kama mabawa ya mwewe, na kichwa cha habari kinatangaza jambo ambalo sisi tulio huku mbele tunajua halikuwahi kutokea. Chini ya picha watu wamejipanga kucheka. Nacheka pia, mimi si jiwe. Lakini kicheko hicho kinanikera, na nimeona nikiseme kwa maandishi kabla sijagombana na mtu kwenye matatu ya Molo.

Tunawacheka wasiostahili, halafu wanaostahili tunawanunulia gazeti.

Hebu tuanze na kipenzi cha wote, gari la Nyayo. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata kama litakuwa na sura mbaya, hata kama litakwenda polepole. Mwaka 1990 likazinduliwa, Nyayo Pioneer, magari machache ya majaribio, makofi kibao. Kampuni ikaanzishwa ili yatengenezwe kwa wingi. Hayakutengenezwa kwa wingi. Hapo ndipo kizazi chetu hujishika mbavu: ati Kenya kuunda gari! Sasa ngoja. Lile gari lilipigwa stati likanguruma. Lilikuwa na usukani na breki, na lilifika kasi ya kilomita 120 kwa saa. Ukilipima na mambo tuliyotangaziwa baadaye, Nyayo Pioneer ni Mercedes.

Mimi nilikuwa darasa la sita mwaka 2013 Jubilee ilipoahidi laptop kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Nilihesabu kwa vidole nikaona nimezaliwa miaka mitano mapema, na nikamchukia mdogo wangu kwa muhula mzima. Zabuni ikafutwa, ikarudiwa, na mwishowe laptop ikanywea ikawa tableti. Mdogo wangu alifika darasa la tatu akiwa bado anaandika kwa penseli iliyotafunwa. Tukapatana.

Nimekulia Keringet, Kuresoi Kusini, upande wa Olenguruone, mahali ambapo maziwa hayahitaji friji. Nyumba ya gogo, yaani nyanya yangu, ni ya mbao, na mbao zikikauka huacha nyufa, na nyufa huingiza baridi yote ya Mau. Dawa ni gazeti na uji mzito wa unga wa ngano. Unapaka, unabandika, unapapasa kwa kiganja. Gogo hasomi, kwa hiyo nusu ya mawaziri wa nchi hii wamesimama kwa vichwa kando ya kitanda chake tangu sijazaliwa. Karatasi ikichakaa habanduzi, anabandika nyingine juu. Mimi nilijifunza kusoma pale, nikiwa nimeinamisha shingo, na kwa kuwa nilikuwa mtoto mwenye mkono mbaya nilikuwa nabandua. Ndipo nikagundua kitu ambacho chuo hakikunifundisha katika miaka miwili na nusu niliyokaa huko kabla karo kunitoa: ukibandua habari ya kufufua pareto, chini yake kuna habari ya kufufua pareto.

Sitanukuu gazeti lolote. Sina haja. Umbo ni lile lile na wewe unalijua: Serikali kufufua kilimo cha pareto. Wakulima kunufaika. Kiwanda kuongeza bei. Maelfu kupata kazi.

Sikiliza hicho kiambishi. KU. Kwenye shule zetu za sekondari tulifundishwa kwamba neno kama "kujenga" likikaa peke yake ni kitenzi-jina. Jina, bana. Si kitendo. "Serikali ilijenga" ina wakati, unaweza kwenda ukaangalia. "Serikali itajenga" ina wakati, unaweza kungoja ukachoka ukaja kudai. "Serikali inajenga", unaweza kupanda boda ukaenda kutafuta vumbi. Lakini "Serikali kujenga" haina jana, haina leo, haina kesho. Haiwezi hata kukanushwa. Jaribu. Huwezi kusema imekuwa uongo kwa sababu haikusema kitu. Ni serikali, halafu ni tendo, vimewekwa kandokando kama mtu na mbuzi kwenye picha.

Najua mhariri atasema ni nafasi: ukurasa ni mwembamba, "itajenga" ina herufi moja zaidi ya "kujenga". Herufi moja! Kwa herufi moja tumeokoa wino na tumepoteza mabwawa.

Sasa linganisha na kosa la kiume. Novemba 3, 1948, Chicago Tribune ilitoka na kichwa kikubwa kwamba Dewey amemshinda Truman kwenye uchaguzi wa urais wa Marekani. Truman ndiye aliyeshinda. Kuna picha yake maarufu ameinua gazeti juu, meno yote nje. Dunia nzima inalicheka gazeti hilo hadi leo, na mimi nalipigia saluti. Lilitumia kitenzi chenye wakati. Lilikosea kwa njia ambayo mtu mmoja aliye na kura zilizohesabiwa angeweza kulikamata. New York Times nayo, Januari 1920, iliandika tahariri ya kumkejeli Robert Goddard, ati hajui hata fizikia ya shule kwa kudhani roketi inaweza kusukuma mahali pasipo na hewa. Julai 17, 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuruka kuelekea mwezini, gazeti likachapisha masahihisho. Miaka 49! Goddard alikuwa ameshakufa. Lakini masahihisho yalitoka, na yalisema wazi ni nini kilichoandikwa mwanzo. Hebu niambie ni lini gazeti lolote la kwetu liliwahi kukusahihishia bwawa.

Na kwa kuwa nimetaja bwawa, tukae hapo kidogo.

Mradi wa bwawa la Itare uko Kuresoi, kwetu. Mto Itare unatoka Mau na maji yake huishia Ziwa Victoria. Mpango ulikuwa wa zaidi ya shilingi bilioni 30: ukuta, bomba, na maji ya kufika Kuresoi, Molo, Njoro, Rongai hadi mjini Nakuru. Mwanakandarasi alikuwa CMC di Ravenna ya Italia. Tingatinga zilikuja, na kwa mara ya kwanza vijana wa rika la kaka yangu walivaa helmeti za rangi ya chungwa na kutembea nazo hata Jumapili. Mwaka 2018 kampuni ikaingia kwenye matatizo ya fedha kwao Ulaya, na kazi ikasimama. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na kandarasi za Arror na Kimwarer kule Elgeyo Marakwet. Hizo zilifika kortini: Henry Rotich, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishtakiwa Julai 2019, na Desemba 2023 akaachiliwa pamoja na wenzake.

Tangu Itare isimame, unadhani habari zake zilisimama? Wapi. Bwawa likiwa limelala, vichwa vya habari ndivyo viliamka. Kazi kurejelewa. Serikali kutafuta mwanakandarasi mpya. Wakazi kupata maji. Kila anayefika huku na msafara anaahidi, na kila ahadi inapewa kichwa kipya, kana kwamba ya mwaka juzi ilikuwa ya kijiji kingine. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema waandishi wetu wanadanganywa na wanasiasa. Kumdanganya mtu kuhusu jambo moja mara moja ni kosa la mdanganyifu. Mara ya sita, huyo aliyedanganywa ameajiriwa.

Wakati huohuo jina la kwetu linauzwa kwa chupa. Ukihudhuria warsha yoyote Nairobi, zile za bahasha na maandazi, huenda ukalikuta mezani mbele yako: Keringet, maji safi, limefungwa vizuri. Mama zetu wanaliona jina hilo mgongoni mwa lori huku wakiwa wamebeba mtungi. Hakuna mwandishi wa vichekesho angethubutu kutunga hiyo.

Turudi kwenye pareto, kwa sababu hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Kuna wakati Kenya ilikuwa inatoa zaidi ya nusu ya pareto yote ya dunia, na sehemu kubwa ilitoka kwenye hii miinuko: Molo, Kuresoi, Njoro, Kinangop. Ua jeupe lenye moyo wa njano. Unachuma, unaanika, unapeleka, na Bodi ya Pareto iliyokuwa na makao Nakuru inapima kiasi cha dawa iliyomo ndani ya ua kisha inakulipa kulingana na hiyo. Gogo alisomesha watoto kwa maua. Halafu malipo yakaanza kuchelewa. Mwezi, muhula, mwaka, miaka. Dawa za kutengenezwa maabara zikaingia sokoni, bodi ikabaki peke yake kama mnunuzi na haikuwa na hela, na wakulima wa Tasmania, Australia, wakachukua nafasi yetu kimyakimya. Gogo akang'oa maua akapanda waru. Sheria mpya ikaja mwaka 2013, kampuni za binafsi zikaruhusiwa, na kuna watu wamerudi kupanda, sikatai. Lakini katika kipindi chote cha kuanguka, ule ukuta haukusema hata siku moja kwamba pareto inakufa. Ulisema kufufuliwa. Mtu angesoma magazeti peke yake angedhani ua hili lina maisha kumi na mawili. Linafufuliwa lakini halijawahi kuugua!

Nilipomsomea gogo vipande vile alisikiliza hadi mwisho, akagusa ukuta, akasema hilo gazeti linazuia upepo vizuri. Ni mapitio ya vyombo vya habari ambayo sijayaona yakipitwa.

Na kuna kitenzi kingine ambacho hakichekeshi. Kuzuka.

Kuresoi ikiingia ukurasa wa kwanza bila ahadi, inaingia na hicho. Mapigano yazuka. Nyumba zateketea. Mamia watoroka. Ilikuwa hivyo mwaka 1992, ikawa hivyo mwisho wa 2007, tena huku kwetu watu walikuwa wameanza kuhama hata kabla kura hazijapigwa. Kitu kinachozuka hakina mwenyewe. Uyoga huzuka. Upele huzuka. Na nyumba iliyoteketea, ukifuata sarufi, imejiteketea yenyewe tu, ilichoka kuwa nyumba. Mtu mwenye kiberiti hayumo ndani ya sentensi. Aliyelipia mafuta hayumo. Tena hiyo "yazuka" ina kile kiambishi cha -a- ambacho vitabu vya shule viliita wakati usiodhihirika. Umesikia hilo jina? Wakati usiodhihirika! Nani atashtakiwa kwa jambo lililotokea wakati usiodhihirika?

Tume zilizoundwa baadaye hazikutumia lugha hiyo. Ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa 1998, na ya Jaji Waki baada ya uchaguzi wa 2007, zote zilikuta uchochezi, mipango na mikono ya wanasiasa. Waki aliweka majina kwenye bahasha iliyofungwa na ikafika kwa Kofi Annan. Yaani majina yalikuwepo. Vitenzi vyenye watenda vilikuwepo. Januari 3, 2008, magazeti makubwa ya Kenya yalitoka na kichwa kimoja cha pamoja, kuomba nchi yetu tuipendayo iokolewe. Watu wazima wananiambia kilikuwa kitendo cha ushujaa, na kwa siku ile huenda kilikuwa. Nilikuwa na miaka sita, tukilala kwa jamaa upande wa Bomet, na sikusoma gazeti. Nimelisoma baadaye, na swali langu ni la mtoto yule yule: iokolewe kutoka kwa nani?

Sasa nisikilize vizuri, sisemi waandishi ni waoga. Wapo waliolala seli na wapo waliofukuzwa. Ninachosema ni kwamba lugha ya vichwa vya habari imekuwa nyumba ya kujificha, na kila mtu anajua mlango wake. Mwaka 1989 chama cha KANU kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Jengo hilo lilikuwa la nani? La gazeti. La Kenya Times, gazeti la chama, kwa ushirika na bwenyenye wa Uingereza Robert Maxwell. Gazeti kujenga! Wangari Maathai akaandika barua, na barua, na barua. Bungeni alitukanwa, akaambiwa ni wa kuzingatia maadili ya mwanamke Mwafrika na kuwaheshimu wanaume, shirika lake la Green Belt likatimuliwa ofisini. Mtu angesoma upande mmoja tu wa magazeti ya siku zile angeamini kichaa amezuka. Jengo halikujengwa, mwaka 2004 akapata Nobel ya Amani, na Kenya Times yenyewe ilishakufa. Hiyo nacheka. Hiyo nacheka hadi machozi, kwa sababu pale kuna mwenye nguvu aliyeanguka juu ya kichwa chake mwenyewe. Si mhandisi wa Nyayo Pioneer aliyefanya alichoweza na vipuri alivyokuwa navyo.

Na wageni wasidhani nimewasahau. The Economist mwezi Mei 2000 ilituita bara lisilo na tumaini, ukurasa wa mbele. Desemba 2011 ikatuita bara linaloinuka, ukurasa wa mbele. Gogo hakuarifiwa mara zote mbili. Alikuwa akichuma.

Mtu ataniuliza, sasa wewe unataka nini, kila gazeti liandike tanzia? Hapana. Nataka ukurasa wa mbele uige ukurasa wa nyuma. Pale kwenye michezo hakuna KU ikaponyoka. Faith Kipyegon ni wetu, amesoma Keringet, tunamtambua kwa mgongo akipita barabarani. Mwaka 2011 alishinda mbio za nyika za dunia za vijana bila viatu. Julai 5, 2025, Eugene, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 sekunde 48.68, rekodi ya dunia, akivunja yake mwenyewe. Siku chache kabla, Juni 26, Paris, alikuwa amejaribu kukimbia maili moja chini ya dakika nne, jambo ambalo hakuna mwanamke amefanya. Vichwa vya habari vilijaa KU wiki nzima: Faith kuandika historia. Akakimbia. Saa ikasema 4:06.42. Hakufika. Na ona ajabu: kesho yake magazeti yale yale yaliandika kwamba hakufika. Kwa sekunde na kwa pointi! Hakuna aliyeandika "Faith kurejelea mbio". Hakuna aliyesema dakika nne zimekamilika kwa asilimia 85. Na bado tulimpenda, tena zaidi.

Kwa nini msichana wa Keringet apimwe hadi sehemu ya mia ya sekunde, lakini bwawa la Keringet lisipimwe hata kwa miaka? Mwaka ule wa laptop tuliahidiwa pia viwanja vitano vipya vya michezo, na Nakuru ilikuwa kwenye orodha. Mwanariadha ana saa. Mwenye kumwahidi uwanja ana kitenzi-jina.

Mafuta ya Turkana nitayapita haraka maana yananichosha. Machi 2012 Rais Kibaki alitangaza yamepatikana. Wenye maduka Lodwar walianza kuota lami. Agosti 2019 meli iliondoka Mombasa na mapipa kama 200,000, yaliyofika pwani kwa malori, na vichwa vikasema Kenya kuwa hivi na Kenya kuingia kule. Tullow iliyoyagundua imeshauza hisa zake ikaenda zake. Mrithi wa ardhi hiyo bado anachunga mbuzi. Nani alirudi na daftari kumhesabia?

Kurudi na daftari hakuhitaji pesa za Marekani. Nafasi ya safu moja, kila Jumamosi. Upande wa kushoto unaweka kichwa cha habari cha miaka kumi iliyopita, na jina la aliyeahidi. Kulia unaweka picha ya mahali penyewe iliyopigwa wiki hiyo. Kama kuna bwawa, liwe bwawa, tutashangilia. Kama kuna nyasi na ng'ombe wawili, wapige picha ng'ombe. Niliandika pendekezo hilo kurasa mbili, na orodha ya vichwa vya kuanzia vya miezi mitatu vyote kutoka Nakuru peke yake, nikampelekea mhariri mmoja ambaye sitamtaja maana bado nataka kula. Alijibu baada ya siku kumi na moja. Wazo zuri sana, akasema, tutakujulisha.

Nimeisoma mara kadhaa hiyo jumbe. Angalau ina -ta-.